Moja kwa Moja Kutoka Nje ya Uwanja

Bado yuko pale pale mlipomwacha wiki iliyopita mkaenda kula: mbele ya lango namba sita la uwanja wa watu, katika nchi ya watu, tiketi yake ikiwa ndani ya simu na simu yake ikiwa haina intaneti.

Mlinzi wa lango, mwanamke mpana mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, alielekeza kidude chake cha kusomea tiketi kwenye kioo cha simu. Kwenye kioo palikuwa na kiduara kinazunguka.

"Tiketi," alisema, kwa lugha ya kuokoteza ambayo wote wawili walikuwa wageni kwayo.

"Inakuja."

"Hiki ni kiduara."

"Tiketi iko nyuma ya kiduara."

Mlinzi alimtazama kwa huruma ya mtu aliyezoea, kisha akamsogeza pembeni kwa kiganja, wapite wenye tiketi zisizozunguka.

Kwa aliyelifungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: huyu ni mtangazaji wa mpira ambaye mitaa yote inamwita Tarumbeta. Kwa mwezi mzima redio yake imejitapa kwamba fainali hii itatangazwa moja kwa moja kutoka uwanjani. Mkuu wa vipindi alitaka mtu akae studio mbele ya runinga, atangaze, biashara iishe. Tarumbeta ndiye aliyesimama kikaoni na kugonga meza. Mtangazaji asiyekuwapo uwanjani, alisema, ni mwongo mwenye maikrofoni. Wakampandisha ndege.

Na bando? Alinunua bando la safari la siku tatu kabla hajaondoka nyumbani. Kwa kuwa ni mtu mwangalifu, alilitunza. Tangu atue hakufungua ujumbe, hakutuma picha, hakumjulia hali mkewe. Simu aliiweka katika hali ya ndege, akaibeba mfukoni kama yai, akiihifadhi intaneti yake yote kwa ajili ya leo.

Lakini bando la siku tatu huhesabu siku, halihesabu matumizi. Tena huanza kuhesabu pale uliponunua, si pale ulipotua. Saa nane kasoro robo mchana, likiwa zima, halijaguswa hata na kidole, bando la Tarumbeta lilikufa kwa uzee.

Shabiki mmoja wa wenyeji, uso wote umepakwa rangi nyeupe, alimwona akiitikisa simu kama chupa ya dawa.

"Intaneti?"

"Imekwisha."

Yule bwana hakuwa na makuu. Akamwashia ya kwake, akamtajia neno la siri. Kiduara kikakoma. Programu ya tiketi ikafunguka, nzuri, yenye rangi, na ikauliza: *Tumeona mtu anajaribu kuingia kutoka nchi ngeni. Je, ni wewe?*

Chini palikuwa na vitufe viwili. Tarumbeta alikuwa amenyoosha kidole gumba wakati rafiki za yule shabiki walipomkamata mwenzao mkono na kumvuta langoni, na intaneti yote ikaondoka ndani ya suruali ya shabiki. Tarumbeta alimkimbilia hatua tatu. Kidole kikatua kwenye kitufe cha pili.

*Si mimi.*

*Asante kwa kututaarifu,* simu ikajibu kwa pumzi ya mwisho ya mtandao. *Tumeifunga akaunti yako ili kukulinda.*

Hapo hapo ikalia simu yake nyingine, ile ndogo ya vitufe aliyopewa na redio kwa ajili ya kutangazia. Aliyepiga alikuwa fundi mitambo wa studio.

"Kaka, nakupata vizuri. Umeshakaa?"

Tarumbeta aliangalia ukuta wa zege uliokuwa mbele yake, wa urefu wa ghorofa nne.

"Nimeshafika," alisema.

"Nasikia mashabiki. Sauti safi kabisa. Tunakuja kwako baada ya dakika sita."

Angeweza kusema. Maneno mawili tu yangetosha: *sijaingia, nisaidieni.* Wangeweka mtu mbele ya runinga, mkuu wa vipindi angepata ushindi wake, na yeye angerudi nyumbani kusoma habari za hali ya hewa. Aliyameza yote mawili.

Badala yake alichukua ile simu kubwa. Intaneti ilikuwa imekufa, lakini kupiga kwa kawaida bado kulikubali. Akapiga namba ambayo hakuwa ameipiga kwa siku tatu.

"Kliniki ya meno, habari za mchana."

"Mama Mapacha, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mumeo."

"Aa," alisema mkewe. "Kumbe yupo."

"Sikiliza, sina muda. Runinga ya hapo mapokezi inafanya kazi?"

"Siku tatu hujaniuliza kama mimi nafanya kazi. Unaiulizia runinga."

"Mke wangu, naomba. Weka mpira. Kisha unipigie kwa simu ya hapo ofisini, uniambie kila unachokiona."

"Wewe si uko huko huko?"

"Niko huko. Ila niko nje ya huko."

Mkewe alicheka kwa pua. Ni kile kicheko chake ambacho mume huwa hajui kama ni cha kumsaidia au cha kumzika.

"Subiri nimalize kumwandikia mzee mmoja hapa miadi," akasema, na akakata.

Alipiga zikiwa zimebaki dakika mbili. Tarumbeta alijibanza kati ya kibanda cha tiketi kilichofungwa na ukuta wa uwanja, mahali ambapo kelele zilikuwa zinamwagika kutoka juu kama maji ya mvua. Sikio la kushoto akaweka simu ya mkewe. La kulia, simu ya studio. Kidole gumba cha kulia kilikaa tayari kuziba kipaza sauti kila atakapohitaji kuuliza.

"Tatu, mbili, moja," alisema fundi mitambo. "Hewani."

"Wasikilizaji wapenzi," alianza Tarumbeta, na sauti yake, hilo lazima tumkubalie, haikutetemeka. "Jua limetulia, nyasi zimekatwa vizuri, na mimi niko hapa kuwa macho yenu."

"Wameanza," mkewe alinong'ona kushotoni. "Wa kijani ndio sisi?"

Aliziba simu. "Sisi kijani. Wenyeji weupe. Nani ana mpira?"

"Yule mwembamba mwenye soksi zilizoshuka."

"Namba ngapi mgongoni?"

"Amenigeuzia uso."

"Kiungo wetu," Tarumbeta aliwaambia wasikilizaji, "mpira uko miguuni mwake, anatazama kushoto, anatazama kulia."

"Ameshampa mwingine zamani. Yule anayelialia kwa refa."

"Anaachia pasi kwa nahodha."

"Ameanguka."

"Nani?"

"Anayelialia."

"Ameguswa?"

"Na upepo labda."

"Faulo, wasikilizaji. Nahodha amechezewa vibaya."

Ikaenda hivyo kwa dakika kumi. Mwanamke aliyekuwa hajawahi kutazama mpira hata wa watoto wake alikuwa anaona. Mwanamume aliyeukariri mpira maisha yake yote alikuwa anasikia. Jasho lilimtoka kama anayecheza.

Kisha akagundua jambo. Uwanja uliguna, maelfu ya watu kwa pamoja, na mkewe hakusema kitu. Tarumbeta alihesabu moyoni. Alipofika saba, mkewe akasema, "Lo, mpira umegonga lile gogo la juu la goli."

Picha ilikuwa inapanda angani na kushuka hadi kwenye runinga ya kliniki, na ilitumia sekunde saba njiani. Kelele ziliruka ukuta mara moja. Kwa hiyo Tarumbeta alijua kwamba kuna kitu, sekunde saba kabla ya kujua ni kitu gani.

Mtu mwingine angechanganyikiwa. Yeye alizijaza sekunde saba.

"Msikilizaji, shika kiti," alisema safari iliyofuata uwanja ulipoguna. "Kuna kitu kinakuja. Nakiona kwa mbali. Sitaki kukitaja, lakini kinakuja."

"Shuti la mweupe, kipa wetu kalala nalo," alisema mkewe.

"Na kimekuja. Shuti. Kipa wetu amelala nalo."

Fundi mitambo aliingia kwa sauti ya chini: "Kaka, jumbe zinamiminika huku. Wanasema leo unauona mpira kabla haujapigwa."

Ilipofika dakika ya thelathini na moja mkewe akasema, "Subiri, nampeleka mzee ndani. Ganzi imeshakolea."

"Usiende."

"Shavu lake liko kama embe. Nakuja."

Simu iliwekwa mezani. Tarumbeta alisikia kiti kikisogezwa, kisha mashine ya daktari ikilia kwa mbali. Alikuwa peke yake na ukuta.

Afanye nini? Mchezo unaoendelea ungeweza kumuumbua, kwa hiyo aliusimamisha. Alimwangusha mshambuliaji wetu wa kati, namba tisa, mwenyewe kwa mkono wake.

"Yuko chini namba tisa wetu. Anashika goti. Madaktari wanaingia. Hali si nzuri, wasikilizaji, sitawadanganya."

Alimlaza pale muda mrefu. Alimletea maji, akamletea machela, akamfanya aikatae machela. Alikuwa anamfunga bendeji wakati uwanja wote uliponyamaza. Haukupungua sauti. Ulinyamaza kabisa, kama umefunikwa na sufuria.

Ukimya huo aliuogopa kuliko kelele zote. Hakujua unamaanisha nini.

Simu ya kushoto ilinyakuliwa kutoka mezani. "Tumefunga," alisema mkewe, na pumzi ilimbana. "Wa kijani. Nimekuta wanakumbatiana."

"Nani kafunga?"

"Namba tisa."

Tarumbeta aliangalia mawingu.

"Ameamka," aliwaambia wasikilizaji kwa sauti ndogo. Kisha ikapanda. "Ameamka namba tisa. Amewasukuma madaktari. Anakimbia na goti lile lile, wasikilizaji, goti lile lile, na mpira uko wavuni."

Baadaye alikuja kuambiwa kwamba katika mitaa ya nyumbani watu wazima walilia wakati huo, na si kwa sababu ya goli. Walilia kwa ajili ya goti.

Filimbi ya mapumziko ilipopigwa tulikuwa tunaongoza. Studio wakaweka matangazo ya sabuni. Tarumbeta alikaa kwenye ukingo wa saruji, na kwa mara ya kwanza mchana huo alizungumza na mkewe bila kuziba simu.

"Umeniokoa, Mama Mapacha."

"Daktari anakusikiliza huko ndani. Ana redio juu ya kabati la vifaa. Mimi nasema 'mwenye soksi', baada ya muda nasikia mlangoni 'fundi wa dimba la kati'." Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Tarumbeta hakuwa amekisikia siku nyingi. "Maneno yangu yanaondoka hapa na kandambili, yanarudi yamevaa suti."

"Ni yako yote. Mimi nayapiga pasi tu."

"Haya. Sasa niambie. Ujumbe wangu uliusoma?"

"Ujumbe gani?"

"Wa juzi. Ule mrefu. Umekaa na alama moja mpaka leo."

"Sikuwa na mtandao. Yaani nilikuwa nao, nilikuwa nautunza."

"Kwa ajili ya nini?"

Tarumbeta alilikwepa swali. "Uliandika nini?" aliuliza.

"Daktari anafungua kliniki nyingine, kule mjini kwa kina shangazi yako, safari ya siku nzima kwa basi. Viti vitatu vya wagonjwa. Anataka mimi nisimamie mapokezi yote, na watu wawili chini yangu. Alitaka jibu kabla ya jana jioni. Nikakuandikia. Nikakuandikia tena. Nikapiga, naambiwa hupatikani. Mimi na mapacha tukakaa tunaiangalia simu kama jungu la maharage."

"Ukamwambia nini?"

"Ulikuwa umenyamaza siku tatu, Baba Mapacha. Nikasema mume wangu angekuwa na neno angelisema. Nikatia sahihi."

"Umetia sahihi nini?"

"Kuhama. Mwisho wa mwezi."

Tarumbeta alisimama. Redio yake haikuwa na studio katika mji ule. Haikuwa hata na mnara. Mtu akiishi kule hamsikii Tarumbeta kabisa, anamsikia shangazi.

"Hilo jambo tutaongea nikirudi," alisema.

"Sawa."

Wasomaji walioko kwenye ndoa wanaijua sawa hiyo. Ni fupi, haina ncha, na huingia mpaka kwenye mfupa.

"Kipindi cha pili," alisema fundi mitambo. "Hewani."

Mkewe hakumtupa. Aliendelea kumweleza, kila pasi, kila kona, ila sasa alieleza kama anayesoma orodha ya wagonjwa. Kijani kwa kijani. Kijani kwa mweupe. Nje. Tarumbeta alizipokea na kuzivika nguo alivyoweza, huku kichwani akifunga vyombo vya nyumba nzima, akipakia kabati, akilitoa kabati kwenye gari.

Dakika ya sitini na nane ukuta ulitikisika. Kelele zile hazikuhitaji mkalimani, lakini alihesabu saba kwa heshima.

"Wamesawazisha," alisema mkewe. "Yule mzee wao mwenye upara. Kwa kichwa."

"Nimeona," alisema Tarumbeta kwa mazoea, na akasahau kuziba simu.

"Umeona?" mkewe aliuliza.

"Nimeona, wasikilizaji, kwa macho haya. Kichwa cha upara, moja kwa moja."

Mechi ikawa moja kwa moja. Na dakika zilipofika themanini na mbili, pale lango namba sita, mlinzi mwenye kizibao cha chungwa alivuta komeo na kuyafungua mabawa yote mawili ya lango hadi mwisho. Akayaegemeza ukutani. Akakaa kwenye kiti chake na kuvua kiatu kimoja.

Tarumbeta alimtazama. "Kuna nini?"

"Dakika kumi za mwisho tunafungua. Watu watoke."

"Na mtu akitaka kuingia?"

Mlinzi alifikiri. Inaelekea hakuna aliyewahi kumuuliza. Akainua mabega, akaendelea kukanda vidole vya mguu wake.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Kwa karibu saa mbili mtu alizuiwa na kiduara, kisha lango likaachwa wazi na hakuna aliyejali tena kama ana tiketi au ana bakuli la uji.

Alikuwa ameshaanza kukimbia aliposema kwenye simu ya kushoto, "Mama Mapacha, naingia. Naona mwenyewe sasa. Kata."

"Yaani nikate tu?"

"Kata, unanichanganya."

Akakata Tarumbeta mwenyewe.

Alipanda ngazi mbili mbili na kutokea juu, na uwanja wote ukamjia usoni kwa mpigo: kijani kibichi, watu kama mchanga, mpira mdogo mno kwa mbali. Alikuwa amesimama nyuma ya goli, jua limemkabili. Aliona miguu. Aliona vumbi. Wachezaji wa mbali walikuwa na ukubwa wa njiti za kiberiti, na kila njiti ilikuwa na soksi zilizopanda vizuri.

"Anao," alisema hewani. "Anao yule. Amempa. Hapana, hajampa. Kuna mtu pale kati, nadhani ni wetu. Jua lile lile, wasikilizaji."

Uwanja uliguna na yeye akaguna nao, lakini sekunde saba zake hazikuwapo tena. Kitu kilikuwa kimeshatokea na kupita. Alikuwa amechelewa kila mahali.

"Kaka," fundi mitambo alinong'ona, "umepatwa na nini? Wanaandika huku kwamba umechoka. Wanauliza yule wa mwanzo amekwenda wapi."

Kisha mkuu wa vipindi mwenyewe aliichukua maikrofoni ya studio na kuingia hewani kwa sauti yake ya mikutanoni. Alitaka kuiokoa hali, na labda alitaka kugawana sifa.

"Tarumbeta, mapigo yametulia kidogo, wasikilizaji wanaomba uwaambie siri. Leo umetangaza mpira kama hatujawahi kusikia. Umewezaje?"

Hapa ndipo mtu huwa na nafasi. Angesema asante. Angesema nina watu wangu nyuma. Lakini alikuwa ameonja sifa tangu dakika ya kumi na sasa ilikuwa inamponyoka, na mtu wa namna hiyo huishika kwa mikono miwili.

"Siri ni kuwapo," alisema. "Nilisema kikaoni na nasema tena. Nimesimama hapa tangu dakika ya kwanza, nimeona kila kitu kwa macho yangu mwenyewe, na hakuna mtu hata mmoja aliyenisaidia."

Mkuu wa vipindi alipiga makofi hewani. Mbali, kwenye kliniki moja ya meno, redio ilikuwa juu ya kabati la vifaa na mlango ulikuwa wazi.

Dakika ya themanini na tisa namba tisa wetu aliingia na mpira ndani ya boksi la wenyeji, upande ule ule aliosimama Tarumbeta, karibu kabisa, na beki mweupe akamkata miguu. Hili aliliona. Kila mtu aliliona. Refa alionyesha penalti, weupe wote wakamzunguka, naye akaenda pembeni kutazama marudio kwenye kile kioo chao. Uwanja ulisimama. Mpira ukawekwa chini, ukaondolewa, ukawekwa tena.

Hii ndiyo iliyokuwa penalti ya maisha yake. Moja kwa moja, dakika ya mwisho, mita ishirini kutoka puani pake. Alivuta pumzi na kulitafuta neno la kwanza.

"Kaka, tulia kidogo," alisema fundi mitambo. "Usiongee."

"Nisiongee? Ni penalti."

"Refa bado anatazama marudio, tunayo dakika. Kuna msikilizaji kwenye simu ya studio. Mkuu wa vipindi ameongea naye mwenyewe, akatoka nje ya chumba, akarudi. Amesema aunganishwe. Amesema aunganishwe sasa hivi."

"Msikilizaji gani?"

Fundi mitambo akaunganisha. Palikuwa na mlio mdogo wa laini ikifunguliwa, na nyuma ya mlio huo Tarumbeta alisikia mashine ya kusagia jino ikizimwa na watu wakiambiana wanyamaze.

Refa alirudi kati ya uwanja. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye alama nyeupe. Ni penalti kweli. Namba tisa akauokota mpira, akaubusu, akauweka.

"Habari za mchana, wasikilizaji," ilisema sauti ya mwanamke katika sikio lake la kulia, katika kila redio ya nyumbani, taratibu, kama anayempokea mgonjwa mwenye woga. "Mimi si mchambuzi. Niko mapokezi kwenye kliniki ya meno. Mechi hii mmeisikia kutoka kwangu tangu filimbi ya kwanza, kwa sababu mwenzenu alikuwa nje ya geti. Sasa ameshaingia na haoni, kwa hiyo penalti nitawaeleza mimi. Lakini mpira haujapigwa bado, na kuna swali moja, la kuhama mwisho wa mwezi, nataka anijibu mbele yenu wote."

Tarumbeta alifumbua mdomo. Namba tisa alirudi nyuma hatua nne, na refa akatia filimbi kinywani.